Benywari ya zamani: usiifunike, angalia chini yake



Mwezi huu tutaingia pamoja katika chumba ambacho wageni hawakaribishwi. Mchungaji akija kutembelea, anaketishwa salo, anapewa kiti kizuri na chai. Lakini kile chumba kingine mlango wake unafungwa haraka. Ni chumba cha kuogea. Katika nyumba nyingi za miji yetu ya migodi, Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, Kipushi, Kambove, ndani ya chumba hiki kuna benywari ya zamani iliyochoka, ao dushi ambayo sima yake imepasuka. Maji yanapita pembeni, ukuta umekuwa mweusi, harufu haitoki hata ukimwaga dawa.

Pengine unasema: «Baba pasta, hiyo ni kazi ya plombie, haiko kazi ya mahubiri.» Ngoja kwanza. Mungu aliyeumba mwili ndiye anajua kwamba mwili unahitaji kuoga. Tena, namna mtu anavyotengeneza mahali pale pa siri, ambapo hakuna mgeni wa kumsifu, inaonyesha vile anavyopenda watu wa nyumba yake.

NYUMBA TULIZORITHI

Tukumbuke kidogo nyumba hizi zilitoka wapi. Union Minière du Haut-Katanga ilianzishwa mwaka wa 1906. Kuanzia 1928 kampuni ilianza kuwatia wafanyakazi moyo wa kukaa pamoja na mabibi na watoto wao, na makambi ya familia yakajengwa. Nyumba za wakubwa wa kazi zilikuwa na chumba cha kuogea ndani, na benywari ya chuma iliyopakwa ngozi nyeupe ngumu, sawa ile ya sahani za emaye. Kwa makambi ya wafanyakazi, familia nyingi zilitumia robine na dushi za pamoja.

Serikali ilipochukua kampuni mwaka wa 1967, na baadaye ikaitwa Gécamines, kadre wetu wengi waliingia katika zile nyumba kubwa. Wakati ule robine ikiharibika, uliandika karatasi tu, fundi wa kampuni alikuja. Kisha kazi ilianguka katika miaka ya 1990, na kwa mpango wa mwaka wa 2003 wafanyakazi zaidi ya 10 000 waliacha Gécamines. Leo nyumba ni yako, ao ni ya mjomba wako, ao unapanga. Hakuna karatasi ya kuandika tena. Fundi wa kutengeneza ni wewe mwenyewe, na pesa ni zile za mfuko wako.

Hii ndiyo sababu watu wengi wanafunika. Ngozi nyeupe ikitoka, wanapaka rangi juu. Kalo ikilegea, wanaweka simenti juu. Ukuta ukiwa mweusi, wanatundika plastiki yenye maua. Kwa mwezi mmoja inapendeza. Mvua moja, miwili, weusi unarudi.

Siku hizi masoko yetu yako na benywari nyepesi pia, zile za fiba, ni kusema plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo. Zingine zimeunganishwa na kuta zake kama sanduku moja. Nazo zinazeeka. Ngozi yake ya juu inaisha, hasa ukiisugua na unga wa kukwaruza ao mchanga. Mistari midogo inaonekana sawa nyumba ya buibui. Ukisimama ndani, unasikia sakafu yake inabonyea chini ya mguu. Ukisikia vile, jua kwamba chini yake haina mahali pa kuegemea, na pengine maji yamekwisha kuingia.

NENO LA MUNGU JUU YA UKUTA

Fungua Biblia yako, Mambo ya Walawi sura ya 14, kuanzia mstari wa 33. Watu wengi wanaruka sura hii, wanaona ni mambo ya zamani. Kumbe pale Mungu anazungumza juu ya nyumba ambayo ukuta wake umeshikwa na madoa ya kijani ao mekundu. Soma polepole uone hatua zake.

Mwenye nyumba hafichi. Anakwenda mwenyewe kumwambia kuhani. Kuhani anaamuru vyombo vitolewe, anaingia na kuangalia kama madoa yameingia ndani kupita uso wa ukuta. Nyumba inafungwa siku saba. Akirudi na kukuta madoa yameenea, haagizi kupaka rangi. Anaagiza mawe yenye ugonjwa yatolewe na kutupwa mbali, ukuta ukwanguliwe pande zote, ndipo mawe mengine na udongo mwingine viwekwe. Na kama madoa yanarudi hata nyuma ya hayo, nyumba inabomolewa.

Ndugu, hii ni hekima ya roho, lakini ni hekima ya masoni pia. Kuonyesha, kutoa vyombo, kuangalia ndani, kungoja, kutoa kilichoharibika, ndipo kutengeneza upya. Yule anayepaka juu ya maji yaliyofichwa anatumia pesa mara mbili, na ukuta unaendelea kuoza. Tuchukue hatua hizi moja moja.

JUU YA NINI CHUMBA HIKI NI KIKUBWA KWETU

Lakini kwanza tuseme juu ya nini familia ya migodi haiwezi kukawia. Kwa mji mwingine, kuoga ni kutoa jasho. Kwetu ni kutoa vumbi la madini.

Mwaka wa 2018 wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walitangaza uchunguzi walioufanya Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambapo watu walichimba kobalti katikati ya nyumba zao. Katika mkojo na damu ya wakaaji walikuta kobalti nyingi kupita watu wa mtaa usio na machimbo. Na wale walioonyesha tofauti kubwa zaidi walikuwa watoto. Mtoto hashuki shimoni, mara nyingi. Vumbi ndilo linalomfuata chini anapocheza, na mikononi anapokula. Mwaka wa 2020 uchunguzi mwingine uliofanywa Lubumbashi ulionyesha kwamba hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema ilikuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao baba zao wana kazi ya migodi.

Sisemi haya kwa kuwatia hofu. Dushi haiwezi kuondoa hatari yote, na kampuni yenye kuajiri inapaswa kutoa mahali pa kuoga na kubadili nguo kazini. Lakini kreseri anayechimba kwa mikono hana kampuni ya kumjengea dushi. Anarudi na moto-taksi, nguo nyekundu, viatu vyekundu, na mtoto anakimbia kumrukia. Hapo ndipo maisha ya mtoto yanaguswa.

Katika Kutoka 30, Mungu aliamuru chombo cha shaba chenye maji kiwekwe kati ya hema ya kukutania na madhabahu, makuhani waoshe mikono na miguu wasije wakafa. Baba, shaba ulichimba wewe. Weka maji kati ya shimo na watoto wako. Nguo za kazi zivuliwe nje ao karibu na mlango wa nyuma, zifuliwe mbali na nguo za mtoto mchanga. Oga, ndipo umbebe mtoto. Na chumba cha kuogea kikiwa kimeharibika hata mtu anakimbia kuingia, nani ataoga vizuri usiku akiwa amechoka?

KWANZA KETI, UHESABU

Bwana Yesu, katika Luka 14, alizungumza juu ya mtu anayetaka kujenga mnara, kwamba aketi kwanza na kuhesabu gharama. Basi baba na mama waketi pamoja. Swali la kwanza haliko «tununue benywari gani?» Swali la kwanza ni hili: je, tunahitaji benywari?

Benywari ya kawaida inameza litre karibu 150 kwa kuoga mara moja. Bidoni yetu ya manjano ni litre 20. Ni kusema bidoni 7 na nusu kwa mtu mmoja. Familia ya watu 8, kama kila mmoja angeoga hivyo, ni litre 1 200, bidoni 60. Kwa dushi nzuri ao ndoo na kikombe, mtu mmoja anatosheka na bidoni moja. Watu wale 8 ni bidoni 8 tu. Mahali ambapo maji ya Régideso yanakuja usiku wa manane, ao binti zako wanapanga mstari kwenye pompi, unajua ni mgongo wa nani unaolipa tofauti hii.

Tena angalia wazee. Ukingo wa benywari uko na urefu wa karibu sentimita 50 ao 60. Kwa kijana si kitu. Kwa mama mzee ni mlima. Katika kutembelea wagonjwa nimesikia neno hili mara nyingi: «Baba pasta, mimi naoga mu basini tu, kule jikoni. Mugulu yangu haipande tena.» Mama aliyezaa watoto na kuwafundisha kusali anaoga jikoni kwa haya, na benywari iko pale imejaa bidoni na viatu vya zamani!

Kwa hiyo familia nyingi zitafanya vema kuondoa benywari na kutengeneza dushi ya simenti na kalo, ya kuingia kwa miguu bila kupanda. Kama unataka kuweka benywari mpya, hatua za kutoa na kuangalia ni zile zile.

Gawanya pesa yako namna hii katika mawazo: kwanza tiyo na njia ya kutoka maji, pili sakafu isiyopitisha maji, tatu mkono wa kushikilia, na mwisho kabisa kalo za kupendeza. Wengi wanaanza na kalo, na pesa inaisha kabla ya tiyo.

KUTOA ILE YA ZAMANI

Funga maji kwenye robine kubwa ya nyumba, kisha fungua robine ya benywari mpaka tiyo zibaki tupu. Kama robine kubwa haifungi tena (katika nyumba za zamani ni hivyo mara nyingi), itengenezwe ile kwanza, kabla ya kugusa kitu kingine.

Ondoa vyombo vyote. Kata simenti iliyoshika ukingo na ukuta. Ondoa kalo za mstari wa chini. Fungua sifoni, ile tiyo iliyopindika chini ya tundu la maji.

Benywari ya chuma cha zamani inapita kilo 100. Mtu mmoja asijaribu kuiinua, wala watu wawili wenye kiburi. Itafute mikono ya watu wanne, mbao, na vipande vya tiyo vya kuiviringisha juu yake. Kama haipiti mlangoni, mafundi wanaivunja kwa nyundo kubwa. Lakini sikia: ile ngozi nyeupe inaruka sawa wembe. Funika benywari na blanketi ya zamani kabla ya kupiga, vaa miwani ya kazi, glovu na viatu vigumu, watoto watoke nje. Chuma chenyewe usikitupe, wanunuzi wa chuma cha zamani wanakipima kwa kilo. Na kama ngozi yake ingali nzima, kuna watu wanaoitumia shambani kwa kunyweshea mbuzi.

Benywari ya fiba ni nyepesi, watu wawili wanaibeba. Lakini ile yenye kuta zake mara nyingi iliwekwa kabla ukuta wa nyumba kumalizika, basi haipiti tena mlangoni. Inakatwa kwa msumeno vipande vipande. Vumbi lake ni nyuzi za kioo. Linawasha ngozi na kuumiza kifua na macho. Vaa mikono mirefu, funga pua na maski nzuri, fungua dirisha, lowanisha kidogo mahali unapokata. Ukimaliza, pangusa na kitambaa chenye maji, usifagie kavu. Vipande vyake visichomwe moto, moshi wake ni sumu.

Tena neno moja kwa nyumba za zamani: ukikuta nyuma ya ukuta ao juu ya dari mabamba ya simenti ya amianti, yale tunaita eternite, usiyakate, usiyatoboe, usiyavunje. Vumbi lake linaharibu mapafu, na ugonjwa unaonekana miaka mingi baadaye. Yaache mazima mahali pake.

CHINI YAKE KUNA NINI?

Sasa umefika mahali ambapo kuhani wa Walawi alifika: kuangalia kama madoa yameingia ndani. Hapa watu wanashangaa. Wanakuta mchanga umelowa, matofali yanameguka kwa kidole, mende, mizizi ya muti imeingia ndani ya tiyo. Tone moja la maji kila sekunde linafikia litre 20 na zaidi kwa siku moja. Ni bidoni moja kila siku chini ya nyumba yako, kwa miaka. Maji yale yanabeba mchanga wa msingi polepole, na ndiyo sababu ukuta wa jirani yake unapasuka.

Usikimbilie kufunga. Toa matofali yaliyooza. Kwangua ukuta mpaka ufikie mahali pagumu. Kisha ungoje. Acha dirisha wazi siku nyingi mpaka pakauke. Katika kipwa, mwezi wa sita mpaka wa nane, panakauka upesi. Ndio wakati mzuri wa kazi hii. Katika masika utangoja zaidi.

Angalia tiyo za maji safi. Zile za chuma za zamani zinaziba ndani kwa kutu mpaka maji yanapita sawa uzi. Kama ziko wazi mbele yako sasa, zibadilishe sasa. Kuzibadilisha mwaka ujao ni kuvunja kalo mpya. Angalia tiyo ya maji machafu: iwe na upana wa milimita 50 angalau, na mteremko wa sentimita 1 mpaka 3 kwa kila mita. Mwaga ndoo ya maji, mtu mwingine asimame nje aone kama yanatoka yote, na yanaenda wapi. Yakibaki yamesimama njiani mbele ya parseli ya jirani, hiyo haiko dushi, ni shamba la mbu. Uyapeleke kwenye shimo la kunyonya lenye mawe, mbali na kisima. Mita 30 ni kipimo kizuri.

KUTENGENEZA DUSHI

Kazi hii inahitaji masoni anayejua, lakini wewe mwenye nyumba ujue hatua zake ili usidanganywe.

1. Sakafu ya beto iwe na mteremko kuelekea tundu la maji, sentimita 2 kwa kila mita. Usiamini macho. Tumia nivo, ao mwaga maji kidogo uone yanakimbia wapi. Weka sifoni yenye kubaki na maji ndani yake. Maji yale ndiyo mlango unaofunga harufu na mende wa tiyo.

2. Beto na simenti mpya zisikauke kwa haraka. Zilowanishe kila siku kwa siku 7, uzifunike na mifuko yenye maji. Simenti iliyokaushwa na jua inapasuka, na mahali pa kupasuka ndipo maji yatapita.

3. Kalo hazizuii maji. Watu wengi hawajui neno hili. Maji yanapita katika mistari kati ya kalo. Kinachozuia ni ngozi iliyo chini yake: simenti laini yenye dawa ya kuzuia maji, ao dawa nyeusi ao ya raba inayopakwa na brosi mara mbili, ya pili nyuma ya kukauka kwa ya kwanza. Ipande ukutani mpaka mahali maji ya kichwa yanaporuka, karibu mita 2, na izidi katika pembe ambapo sakafu inakutana na ukuta.

4. Ndipo mtihani. Ziba tundu la maji, jenga kizuizi kidogo mlangoni, jaza maji sentimita chache, weka alama ukutani kwa kalamu. Ungoje saa 24. Alama ikibaki pale pale, shukuru Mungu na uendelee. Maji yakipunguka wazi wazi, tafuta mahali yanapopita. Fundi anayekataa mtihani huu, mwulize juu ya nini.

5. Sasa kalo. Kwa sakafu chagua ndogo na zenye kukwaruza, zisizong'aa. Kalo inayong'aa salo ni nzuri kwa macho, lakini yenye sabuni na maji ni sawa mafuta. Ngoja siku chache kabla ya kuoga, mistari ishike.

6. Acha dirisha ao matundu juu ya ukuta. Chumba kisicho na hewa kitazaa weusi hata kama simenti yako ni ya bei gani.

MKONO WA KUSHIKILIA

Katika Kumbukumbu la Torati 22, mstari wa 8, Mungu anaamuru mtu akijenga nyumba mpya azungushe ukuta mdogo juu ya dari, ili mtu asianguke na damu yake isiwe juu ya nyumba ile. Zamani zile watu walikaa na kulala juu ya dari, ndipo pale pa hatari. Kwetu leo mahali pa kuanguka ni dushi. Mzee akianguka na kuvunja mfupa wa nyonga, mara nyingi hasimami tena kama zamani.

Basi, weka tiyo ya chuma yenye kushikiliwa ukutani, mahali mkono unafika mtu akisimama, na nyingine karibu na mlango. Ifungwe ndani ya matofali magumu, si katika kalo tu. Ijaribu kwa kuning'inia wewe mwenyewe na uzito wako wote kabla mama mzee hajaishika. Jenga pia kiti kidogo cha matofali pembeni, cha kuketi. Haya ni ya bei ndogo. Yanamwambia mzee kwamba nyumba bado inamhesabu.

MAJI YA MOTO

Asubuhi za kipwa ziko baridi, na hapa watu wanakufa bila sababu. Mambo matatu uyakumbuke.

Usiingize mbabula ya makala ndani ya chumba cha kuogea, hata kwa dakika chache. Makala yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi. Mtu anasikia usingizi, hatoki tena.

Ile rezistansi ya kutumbukiza ndani ya ndoo ni ya hatari. Kuriani ikikatika, mtu anasahau kuichomoa. Mtoto anatia mkono ndani ya maji, na kuriani inarudi wakati ule ule. Ichomoe kwanza ukutani, kila mara, ndipo uguse maji. Afazali kupasha maji jikoni na kuyachanganya na ya baridi kabla ya kuyabeba.

Kama unaweka boila, iwe na waya wa udongo, na fundi wa umeme aliyefundishwa. Prizi na taa zisizofungwa vizuri zikae mbali na mahali maji yanaporuka, angalau sentimita 60.

KWAKO KIJANA

Usikae tu kuangalia wakubwa wanavyovunja. Kuchanganya simenti, kupima mteremko, kufunga tiyo, hizi ni kazi zinazolisha mtu, hata pale bei ya shaba na kobalti inaanguka. Omba fundi akuonyeshe. Na baba, ukimpata fundi mzuri, umlipe siku mliyopatana. Yakobo sura ya 5 anasema kwa ukali juu ya mshahara wa mtenda kazi uliozuiwa, kwamba kilio chake kinafika masikioni mwa Bwana. Usioge kwa furaha katika dushi ambayo aliyeijenga angali anakuja mlangoni kudai.

NENO LA MWISHO

Kama pesa haitoshi kwa yote, usikate tamaa. Toa benywari mwaka huu, utengeneze tiyo na sakafu ya simenti yenye mteremko mzuri na mkono wa kushikilia. Oga hapo. Kalo zitakuja mwaka mwingine. Simenti wazi iliyopita mtihani wa maji ni bora kuliko kalo za bei kubwa zenye maji yaliyofichwa chini yake.

Na jioni mkiwa pamoja, mama alete taa, baba asome Walawi 14, mzungumze juu ya maswali haya:

1. Katika nyumba yetu, ni kitu gani tumefunika pahali pa kukitengeneza?

2. Nani kati yetu anapata shida ya kuingia mahali pa kuoga, na hajasema kwa sababu ya haya?

3. Anayerudi kutoka kazini ao shimoni anaoga wapi kabla ya kubeba watoto? Tunaweza kubadili nini juma hili, bila kungoja pesa?

4. Je, kuna jirani ao mjane wa kanisa ambaye vijana wetu wanaweza kumtengenezea sakafu ya dushi siku moja ya mapumziko?

Bwana abariki nyumba zenu, na vyumba vile vyote ambavyo mchungaji hafikishwi.